Kituruki cha Wodi ya Wazazi

Mwanamke yule aliingia darasani kwangu Johannesburg mwanzoni mwa baridi ya mwaka 2016, akasimama karibu na mlango, akaniangalia na kusema, "Merhaba."

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu marahaba hutolewa na mkubwa baada ya kupewa shikamoo yake, na mkubwa akiitanguliza, ujue umemkosea adabu na anakukumbusha. Nilimtazama vizuri, nikaona amenipita miaka michache. Nikaweka chini kalamu ya ubao, nikasema, "Shikamoo."

Akatabasamu na kurudia, "Merhaba."

Wakongo waliokaa mstari wa mbele, ambao shikamoo ya Watanzania huwachekesha siku zote, waligonga meza kwa kucheka. Mumewe, aliyekuwa nyuma yake na unga bado kwenye nyusi, ndiye aliyetufumbulia. Walikuwa Waturuki, na kwao neno hilo ni salamu tu, mkubwa humpa mdogo na mdogo humpa mkubwa. Yeye alikuwa mwokaji katika duka la mikate kule Fordsburg. Kiingereza chake kilikuwa cha kuuzia mikate, lakini siku ile alikitumia chote.

"Mwalimu, mke wangu ana mimba," alisema. "Ya kwanza. Tumemwomba Mungu miaka mingi. Sasa anakwenda kliniki, manesi wanaongea, yeye anaona midomo tu. Mimi niko kwenye tanuri tangu alfajiri. Mfundishe aseme panapomuuma. Mfundishe aelewe wanachomwambia."

Mwanamke hakuyaelewa maneno hayo, ila alijua yanayozungumzwa. Aliweka mkono tumboni juu ya koti lake refu, ili na sisi tujue.

Shule yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, mwendo mfupi kutoka Newtown. Walimu tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja kutoka Zimbabwe. Wanafunzi walikuwa Wakongo, Warundi na Waethiopia wachache, wengi wao wakija baada ya kufunga vibanda vyao au kabla ya zamu ya ulinzi. Watu walioniuliza nafanya kazi gani Johannesburg walicheka nilipowajibu. Mgeni anawafundisha wageni Kiingereza katika mji ambao wenyeji wake, wakifika nyumbani, wanaongea Kizulu au Kisotho. Lakini ndiyo kazi niliyoijua. Nilikuwa nimesomesha Kiingereza sekondari huko kwetu kabla ya kumfuata mume wangu, aliyekuwa akilinda jengo la ghorofa kule Hillbrow.

Tatizo lilikuwa kwamba mama yule wa Kituruki hakuwa na mtu wa kumshika mkono darasani. Mkongo akikwama, mimi ninamtafsiria kwa Kiswahili, au jirani yake anamnong'oneza kwa Kifaransa. Yeye akikwama, amekwama. Simu yake ilikuwa na programu ya kutafsiri, lakini ilitafsiri kwa kubahatisha, na mara mbili ilimfanya anikasirikie kwa sababu ambayo mpaka leo siijui.

Nikaona nisipojifunza maneno yake, sitampa yangu. Neno la kwanza nililomwomba mumewe aniandikie kiganjani lilikuwa lile ambalo mwalimu yeyote hulihitaji kuliko yote: *ne demek*, maana yake nini. Akaniongezea *var*, kipo, na *yok*, hakuna. Halafu *yavaş yavaş*, polepole. Kwa maneno hayo machache tulianza kusukuma siku.

Kisha tukagundua kwamba hatuko mbali kama tulivyodhani. Nilikuwa nikiwaambia Wakongo kwa Kiswahili watoe daftari na kalamu, na kabla hawajainama kwenye mikoba yao, yeye alishanyanyua vyake juu. "Defter!" alisema. "Kalem!" Somo la siku ile likafia hapo. Nilimwonyesha saa ya ukutani, akasema *saat*. Kitabu kilikuwa *kitap*. Sabuni, sanduku, dakika, dunia, bamia, vyote alikuwa navyo, kila kimoja kikiwa kimekatwa mkia au kubanwa pua kidogo. Kila neno lilipojitokeza alinishika mkono kwa nguvu. Kijana mmoja wa Lubumbashi alisema bila shaka Waturuki walituibia. Nikamweleza kwamba sisi sote tuliazima kwa Waarabu, lakini hakushawishika.

Mengine yalitupoteza. Siku ya somo la familia nilichora ukoo ubaoni, na Mrundi mmoja alipoonekana kuchanganyikiwa, nilimwambia kwa Kiswahili, "Huyu ni kaka." Mama wa Kituruki akajifunika uso kwa ncha ya mtandio wake. Mabega yakamtikisika. Nikasema tena, "Kaka," nikigonga ubao, na hapo akalala mezani kabisa. Jioni mumewe alipokuja kumchukua aliniambia kwa sauti ya chini, akiangalia viatu vyake, kwamba kwao neno hilo ni la watoto wachanga, na ni kile wanachokiacha kwenye nepi.

Aliniita *hojam*, mwalimu wangu. Mwanzoni nilidhani ana hoja, nikawa kila mara namwachia nafasi aitoe.

Lakini lililoniuma ni la msonyo. Tulikuwa tunajifunza maswali ya kliniki. Nikamuuliza kwa Kiingereza, "Unasikia maumivu leo?" Akanyanyua nyusi, akarudisha kichwa nyuma kidogo, akatoa mlio kwa ulimi, "Cık."

Nilisimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji. Nimefundisha watoto watukutu, nimefundisha watu wazima waliochoka na kazi za kutwa, lakini sikuwahi kusonywa darasani. Nikauliza tena, na mlio ukatoka tena. Nikageukia ubao, sikumuuliza chochote hadi mwisho wa kipindi. Yule wa Lubumbashi akajaribu kuniokoa. "Mwalimu, labda anajifunza Kixhosa, si wenyewe wanagongesha ulimi," alisema, na darasa likacheka. Mimi sikucheka.

Kesho yake nilimweleza mumewe, nikiwa nimejiandaa kwa maneno makali zaidi kama yangehitajika. Alicheka mpaka akapangusa macho kwa aproni. "Hojam, hiyo ni hapana," alisema. "Ni hapana tu. Mama yangu ananifanyia, imamu ananifanyia, hata mtoto wa miaka miwili."

Kisha akaacha kucheka, maana tulikumbuka jambo moja kwa pamoja. Kliniki walimuuliza mkewe maswali hayo hayo kila mwezi. Nesi mmoja alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mke wake ana kiburi, naye hakuelewa kiburi hicho kimetoka wapi. Juma lile lote tulifanya zoezi moja tu: "Hapana, sista," kama manesi wanavyoitwa huku, kwa mdomo, na nyusi zikiwa zimetulia. Zilikuwa nyusi ngumu kufundishika. Alizishika kwa vidole viwili akisema neno, na darasa zima likawa linamshangilia akifaulu.

Tumbo lilipokua, ngazi za shule zikamshinda. Tukahamishia masomo kwangu Troyeville, siku za Jumamosi. Mumewe alimleta kwa gari la mikate, na hakuja mikono mitupu hata mara moja. Kulikuwa na mkate wa ufuta, au trei ya kitu kitamu chenye asali, bado cha moto. Binti yangu, aliyekuwa na miaka minane, alikuwa akimsubiri dirishani. Trei ikifika alinyoosha mkono, na mama yule alimzuia kwa haraka, "Dokunma!" usiguse, kisha akapuliza kipande kimoja hadi kikapoa, akampa.

Binti yangu alikuja Johannesburg akiwa bado anabebwa mgongoni. Kiswahili anakisikia chote. Ukimtuma chumvi analeta chumvi, ukimsema analia panapostahili. Ila kinywani hakimtoki. Mimi namwambia kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiingereza, na akiwa na wenzake barazani ni Kizulu. Jirani yetu, mama mmoja wa Bukavu msusi wa nywele, alikuwa akinitania: "Mama, huyu mutoto yako ni Muzulu kabisa. Weye unafundisha batu ya dunia muzima, ya kwako unamuacha." Nilikuwa nikicheka naye. Watoto wake wawili walikuwa vilevile.

Jumamosi moja mama wa Kituruki alitusikiliza, mimi nikimhimiza binti kwa Kiswahili amalize hesabu zake, yeye akinilalamikia kwa Kiingereza. Akamnyoshea kidole kwa upole. "Kızın," binti yako. "Swahili?"

Nikashika sikio langu: *var*. Nikashika mdomo: *yok*.

Hakunyanyua nyusi. Aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo, akatafuta Kiingereza chake kipande kwa kipande. "Mtoto wangu," alisema. "Kiingereza, ndiyo. Kituruki, ndiyo pia. Kama Kituruki hakuna, mimi... mama... naongea na nani?"

 Binti yangu alikuwa ameinua macho kutoka kwenye hesabu zake. Alimwangalia yule mama, akaniangalia mimi, kisha akarudi kwenye hesabu.

Mwezi wa mwisho tulifanya somo la leba. Mimi nililala mkekani nikawa mjamzito, binti yangu akawa nesi, na yeye akawa mwanafunzi anayesikiliza. Tulipitia kila kitu: lala ubavu, vuta pumzi, uchungu umekaribiana kiasi gani, sukuma. Alitaka kila neno la Kiingereza alifunge pamoja na lake, na alinilazimisha na mimi niyaseme. *Nefes al*, vuta pumzi. *Su*, maji. *Ağrı*, maumivu. Tulipofika kwenye kusukuma, ishara za mikono zikanishinda, nikawa kama ninasukuma gari. Akatikisa kichwa. Akanishika kiganja, akakunja uso, akajibana mwili mzima hadi mshipa wa shingo ukatoka, na akasema kwa sauti nzito, "Ikın!" Binti yangu akarudi nyuma hadi ukutani. Mama yule akaachia uso wake, akamvuta karibu na kumpapasa kichwa. "Korkma," alimwambia. Usiogope. Hilo nilikuwa nimeshalizoea, kwa sababu mbwa wa jirani alikuwa akibweka kila Jumamosi, na kila Jumamosi alimwambia binti yangu neno hilo.

Uchungu ulimshika siku ya kazi, asubuhi, mvua za huku, ambazo huja na joto, zikiwa zimeshaanza. Mumewe alinipigia nikiwa darasani, akaongea Kituruki mfululizo kabla ya kukumbuka ni nani amempigia. Nikamwachia dada wa Zimbabwe wanafunzi wangu wote, nikashuka ngazi mbilimbili.

Hospitali ilikuwa ya serikali, yenye wodi ndefu ambamo akina mama wanatenganishwa na mapazia tu. Kwa hiyo mwanamume hakuruhusiwa kupita mlango, ila ndugu wa kike angeweza kuingia mmoja. Hawakuwa na ndugu wa kike katika bara hili zima. Nilimkuta mume ameegemea ukuta wa korido, akiwa na nguo zake za kazi, amekumbatia mfuko wa nguo za mtoto.

"Hojam," alisema, "ingia wewe."

Mkunga alikuwa Mzulu wa makamo, mwenye mabega mapana na miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Aliniuliza kwa Kiingereza mimi ni nani.

"Mwalimu wake."

"Mwalimu wa nini?"

"Wa Kiingereza."

Akamgeukia mama yule, ambaye alikuwa ameshika chuma cha kitanda na kulia kwa Kituruki kwa sauti iliyojaza wodi. "Eish," alisema. "Basi hajafaulu bado."

Kweli, Kiingereza chote kilikuwa kimemtoka. Yale tuliyoyasukuma miezi mitano, hata "Hapana, sista" yake aliyoishikia nyusi, yaliondoka na uchungu wa kwanza mkubwa na hayakurudi. Aliponiona alinidaka shingo na kuniita *hojam*, halafu akaniambia mambo mengi ambayo sikuyaelewa hata neno, na nikamjibu kwa Kiswahili, "Niko hapa, mama, niko hapa." Nadhani hilo alilielewa.

Ndipo kazi yangu ikageuka. Mkunga anasema kwa Kiingereza, mimi nakimbia kichwani kutafuta. Avute pumzi: *nefes al*. Asiwe na haraka: *yavaş yavaş*. Anywe kidogo: *su*. Mkunga akaacha kuniangalia kwa shaka, akawa ananipa maneno bila kunigeukia, kama mtu anayemkabidhi mwenzake vyombo. Nje mvua ya mawe ilianza kupiga mabati ya paa la jirani, na ikabidi nipaze sauti. Saa za mchana zilipita hivyo. Alinibana mkono hadi pete ikaacha alama.

Kisha mkunga akasema, "Sasa. Asukume."

"Ikın!" nilimwambia. "Ikın, ikın!"

Akasukuma. Alisukuma kwa miaka yote ile aliyomwomba Mungu. Mkunga akainama, akasema vizuri, vizuri, kichwa hiki hapa. Halafu sauti yake ikabadilika. Haikupanda, ilishuka.

"Aache. Mwambie asisukume. Kamba ya kitovu imezunguka shingo ya mtoto. Asisukume mpaka nikuambie."

Nikafungua mdomo. Sikuwa na neno. Nilikuwa na sukuma. Asisukume hatukujifunza, kwa sababu nani angefikiria? Nikasema kwa Kiingereza, hakusikia. Nikasema, "Usisukume," naye hakusikia. Alikuwa amefumba macho na alikuwa anajikusanya upya, niliona mshipa wa shingo unaanza kutoka. Nikasema *yok*, *yok ıkın*, Kituruki cha ajabu, na alichokisikia ni lile la pili tu, lililomwambia asukume.

Mkunga alisema, "Mama, mwambie sasa hivi."

Sijui akili ya mtu inafanya nini wakati kama ule. Nilichokumbuka ni trei ya asali na mbwa wa jirani. Dokunma. Korkma. Usiguse, usiogope. Sisi tunaweka katazo mbele, "usi," mtu anajua mapema kwamba anazuiwa. Wao wanaliweka nyuma. Unalisikia neno lote kana kwamba unaamriwa ufanye, na mkiani ndipo unapoambiwa usifanye. Sikuwa na hakika. Nilimshika uso kwa mikono yote miwili, nikamsogelea hadi pua zetu zikakaribia kugusana.

"Ikınma!" nilisema. "Ikın-*ma*! *Ma*! *Ma*!"

Akafumbua macho. Aliniangalia, akaanza kuhema kwa pumzi fupi fupi, mwili wake wote ukipigana na neno lile. Lakini aliacha kusukuma. Nilirudia *ıkınma* na *korkma*, moja baada ya jingine. Nyuma yangu nilisikia tu glavu za mkunga.

"Haya," akasema hatimaye. "Imetoka shingoni. Mwachie asukume."

"Ikın," nilimwambia.

Mtoto alitoka wa rangi ya zambarau, kimya. Mkunga akamsugua mgongo kwa taulo, akampangusa pua, akamsemesha kwa Kizulu kama anayemwamsha mtu aliyechelewa kazini. Akalia. Kwanza kidogo, halafu kwa hasira. Mama yake akauliza kitu, nami nikachungulia.

"Kız," nilimwambia. Msichana. Nikaanza kulia mimi, na yeye, pale alipolala, jasho likimtiririka, akanipapasa shavu.

Mkunga alivua glavu, akanitazama juu ya miwani yake. "Kumbe unaijua lugha yao."

"Maneno machache tu."

"Yalikuwa yenyewe," alisema. Akaniomba namba yangu ya simu.

Nilipotoka koridoni mume alisimama, na mfuko ukamdondoka. Nilimwambia ni msichana, mama mzima, mtoto mzima. Akakaa sakafuni pale pale, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto, na watu wakawa wanampita kwa kumzunguka.

Kwao, kama kwetu Tanga, mzazi na mtoto hukaa ndani hadi arobaini yao. Hilo sikulijua hadi nilipoalikwa. Wakati wa kumzaa binti yangu, mama yangu alinifungia ndani kwa uji wa pilipili manga na kunikanda maji ya moto, nikadhani ni sisi peke yetu tunaowafanyia wanawake hivyo. Sasa niliingia katika nyumba ndogo nyuma ya duka la mikate, nikakuta mwanamke aliyenenepa kidogo usoni, mtoto ameogeshwa, pilau yenye dengu kubwa iko mezani, nayo wanaiita *pilav*. Nilimpelekea kanga. Aliishika, akainusa, akajitupia begani kama aliyezaliwa nayo. Kabla sijaingia mumewe alikuwa amenifundisha dua ya kumwombea mtoto, nami niliitamka neno kwa neno nikiogopa kuharibu: *Allah analı babalı büyütsün*. Mungu amkuze akiwa na mama na baba. Mama yule aliinamisha kichwa na kuitikia amina, na amina ile ilikuwa yetu sote.

Binti yangu aliomba ampakate mtoto. Nikamkalisha kwenye kochi, mto chini ya kiwiko. Mtoto akamkazia macho kwa namna wanavyokaza wachanga, kama wanaosoma maandishi madogo. Binti akamsogezea uso. Mama wa Kituruki alikuwa amepiga magoti pembeni, akimnong'oneza mwanawe kwa Kituruki, bila kuacha, kila kitu: huyu nani, hiki nini, chai iko wapi.

"Mama," binti yangu akasema, "mtoto anaangalia mimi."

Alisema kwa Kiswahili. Kilikuwa kimepinda kidogo, lakini kilikuwa Kiswahili, na alinisemesha mimi. Niliogopa hata kugeuka haraka. Kama ningepiga vigelegele angeona haya na kujifungia tena.

"Mshike shingo vizuri," nilimwambia.

"Nashika."

Hakugeuka Mswahili kutoka siku ile. Kiingereza chake aliendelea nacho, na Kizulu cha barazani pia. Ila alianza kunitupia sentensi moja hapa, moja pale, hasa akitaka kitu au akiwa na siri ambayo wenzake hawatakiwi kuisikia. Mimi nami, ambaye nikichoka nilikuwa ninamjibu kwa Kiingereza, nikaacha. Mume wangu aliporudi kutoka zamu asubuhi moja na kusalimiwa kwa shikamoo bila kuambiwa, aliniangalia kana kwamba nimemhonga mtoto.

Mwanzoni mwa 2018 yule mwokaji alipata kazi Durban, kwenye duka kubwa zaidi. Waliondoka asubuhi kwa gari lile lile la mikate, magodoro yamefungwa juu. Mama yule na mimi tulikuwa tumeshafika mahali pa kuongea Kiingereza kizima sasa, chenye makosa yetu wenyewe tuliyoyazoea. Aliniambia nisimlilie, Durban kuna joto, mtoto atakua haraka. Kisha akalia yeye. Hutuma sauti kwenye simu mara kwa mara, na nyuma yake husikika mtoto akimwita mama yake kwa Kituruki, akidai maji.

Mkunga naye alikuwa amenipigia, wala si mara moja. Hospitali ile ilipata wanawake wengi wa Kongo na Burundi, na siku ambazo hapakuwa na mtu wa kuwasikia, alinikumbuka. Nilikuwa nikienda nikiweza. Niliwakuta vile vile, wameshika chuma cha kitanda, Kiingereza cha sokoni kimewatoka. Baada ya mara kadhaa nikaona ni afadhali niwapate kabla. Nikaomba chumba cha nyuma cha kanisa moja Troyeville, ambako Wakongo husali, nikaanza darasa la wajawazito kila Jumamosi. Hatusomi sarufi. Tunasoma leba, kliniki na chanjo, na kila neno la Kiingereza linafungwa pamoja na la mtu mwenyewe, Kiswahili cha Bukavu, Kirundi au Kilingala, na mimi ndiye ninayeandika kiganjani.

Baridi ya 2019 alikuja msichana wa Kirundi, mimba yake ya kwanza, mwembamba hadi tumbo lilionekana kama ameliazima. Alikaa nyuma mwezi mzima bila kuuliza kitu. Siku moja, wengine wakiwa wanakunja mikeka, alinisogelea.

"Mwalimu, kuna neno hujatufundisha."

"Lipi?"

"Kule kliniki wanatulaza tumevua nguo, halafu wanaondoka. Nataka kusema nasikia baridi."

Nikawaambia wenzake wakae tena chini, tufundishane hilo.